Soksi ya Kushoto

Dodoma ukisema nyumba yako ina ukungu, mtu anakutazama usoni kwanza. Mji ambao mvua inatutembelea Desemba, inaaga Aprili, na kiangazi midomo inapasuka! Lakini ukuta wa chumbani kwangu, hapa Ilazo, ulikuwa umelowa chapachapa.

Ilianza harufu. Nikavilaumu viatu vya mpira vya mwanangu, maskini. Kisha Januari, siku mbili kabla ya sendofu ya shemeji, nikafungua kabati kutoa suti. Niliinunua nyeusi, sasa mabega yameota vinyoya vya kijani, utadhani kisamvu kilicholala. Tukasogeza kabati. Nyuma yake madoa meusi yalikuwa yametiririka kutoka chini ya AC hadi sakafuni.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Bahi kwa ajili ya sherehe, akajitanda khanga vizuri. "Mkwe, huyu si marehemu mzee? Tazama ndevu."

Kweli, ndevu zilikuwepo. Jioni ile majirani wakaja kuangalia. Mmoja alimwamkia kabisa kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akasubiri kuitikiwa.

Mimi mkononi nina jiki na brashi. Sasa nani ana ubavu wa kumsugua baba mkwe wake kwa jiki mbele ya mjane? Nikangoja walale. Usiku nikaona niongezee na siki, iwe kali. Mke wangu akanidaka mkono: "Unataka kutuua? Hivyo vikichanganyika vinatoa gesi ya sumu!"

Asubuhi hasira zote nikampigia fundi aliyefunga AC. Nilimtukana kwa adabu, kama tunavyotukanana watu wa ofisini. Akaja na bodaboda, akazunguka nje, akainama.

"Bosi, hii AC inakojolea wapi? Mbona chini pakavu?"

Akanieleza kwamba AC ikipoza hewa, unyevu unageuka maji, kama soda ya baridi inavyotoa jasho mezani. Kiangazi cha Dodoma hewa ni kavu, maji ni ya kudondoka tone moja moja. Mvua zikianza, unakinga ndoo. Yakikosa pa kutokea, yanarudi ndani.

"Si ndiyo nasema," nikamkaripia, "umefunga vibaya!"

Hakujibu. Akachukua waya, akaingiza kwenye kipaipu cha kutolea maji, akavuta. Ikatoka soksi ya kijivu, ikafuatiwa na maji kama ya bomba lililopasuka.

Hapo nikakumbuka. Oktoba mjusi aliniangukia kifuani kutoka kwenye AC. Nilitoka nje usiku uleule na tochi ya simu, nikaziba kipaipu alichoingilia kwa kitu cha kwanza nilichoshika.

Mke wangu aliingia ndani kimya, akarudi na soksi ya kulia. Miezi mitatu nilikuwa namsema dada wa kazi kwamba anapoteza nguo.

Mama mkwe akaitazama soksi, akaenda kuutazama ukuta. "Masikini mzee," akasema. "Kumbe alikuja kukusemea."

Fundi alipotuambia tukwangue rangi, tusugue, tuache madirisha wazi hadi ukuta ukauke ndipo tupake upya, mama mkwe hakubisha. Aliomba tu apigwe picha na mumewe kwanza. Na mimi ndiye niliyeshika simu.