Mama apandishwe mashine kwanza, basi la Dar baadaye

Mwanamke wa Mwanjelwa, Mbeya, akilalamika kifua kinambana, ataambiwa ni vidonda vya tumbo. Dawa zisipofanya kazi, ni presha. Presha ikiwa sawa, basi ana mawazo. Siku ndugu wakishtuka ndipo wanaruka hatua zote: apelekwe Dar, Taasisi ya Moyo, akapigwe kipimo kikubwa. Zaidi ya kilomita 800, nauli, mahali pa kulala, na bado hakuna aliyemuuliza anajisikiaje akipanda kilima na ndoo kichwani.

Mimi natetea kipimo cha moyo cha bei nafuu, cha kutembea kwenye mashine. Unabandikwa nyaya kifuani, unatembea kwenye mashine ambayo kwa kawaida kila dakika 3 inaongeza kasi na mwinuko, huku mchoro wa umeme wa moyo ukitoka na presha ikipimwa.

Kina lawama zake, na ni za kweli. Kwa wanawake kinatisha bure mara nyingi kuliko kwa wanaume: mchoro unaonyesha kasoro, mishipa mikubwa ya moyo ikichunguzwa inakutwa haijaziba. Ndiyo maana wengi hukimbilia kile cha picha, cha kuchomwa dawa yenye mionzi. Lakini hata hicho hudanganywa, maana titi linaweza kutia kivuli kwenye picha, ikadhaniwa sehemu ya moyo haipati damu.

Marekani walivishindanisha. Utafiti uliochapishwa 2011 uliwagawa kwa kura wanawake 824 wenye dalili na wenye uwezo wa kufanya mazoezi: hawa mashine peke yake, wale mashine pamoja na picha za mionzi. Baada ya miaka 2, waliokuwa hawajapatwa na balaa kubwa la moyo walikuwa asilimia 98.0 kwa hawa na 97.7 kwa wale. Kilichotofautiana ni gharama, na mashine peke yake ilikuwa rahisi zaidi.

Bibi mwenye magoti mabovu, au mama ambaye mchoro wake una kasoro tangu amelala, msimpandishe mashine kwa kubania hela. Huyo anahitaji picha. Ipo hata eko, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, moyo ukiharakishwa kwa dawa, isiyo na mionzi kabisa. Na anayebanwa sasa hivi, kijasho chembamba kinamtoka, maumivu yanapanda taya au mgongo, huyo ni wa mapokezi ya dharura, si wa kutembezwa.

Kwa daktari usiishie kusema "kifua". Mwambie: nikibeba debe la viazi kinabana, nikilitua kinaachia.