Nyasi za asili zinarudi nyanda kame, je, nyuki watakula nini?

Kutoka Baringo hadi Kitui, Makueni na Kajiado, ardhi iliyobaki uchi inapandwa nyasi za asili. Shirika la RAE, linalofufua ardhi kame, lilianza kazi hiyo karibu na Ziwa Baringo mwaka 1982, na watafiti wa KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, kituo cha Kiboko wameshughulikia mbegu zinazostahimili ukame, zikiwemo za nyasi za Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba. Kwamba nyasi hizi zinawafaa ng'ombe, hilo halina ubishi. Ubishi unaanza mradi unapodai kuwa unawarudisha pia nyuki, vipepeo na wanyamapori.

Wanaotetea dai hilo wana hoja. Udongo uliokanyagwa na kwato mpaka ukaganda juu haunywi maji. Mvua ikinyesha inapita na kuondoka na mbegu zote. Ukipasuliwa kwa plau, au yakichimbwa makinga maji ya nusu mwezi kama yale ya Kajiado, maji yanatulia, nyasi zinaota, na mimea yenye maua hupata nafasi katikati yake. Ndege wala mbegu hurudi. Juu ya hayo, mfugaji anauza majani makavu na mbegu. Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, kwa sababu hakuna atakayelinda shamba miaka kumi kwa ajili ya vipepeo tu.

Lakini nyasi huchavushwa na upepo, na hazina nekta. Asali ya ukame inatokana zaidi na migunga, hasa ule uitwao kikwata, pamoja na maua madogo yanayochanua baada ya mvua. Sasa tazama shamba la mbegu linavyotunzwa: mnunuzi anataka mbegu safi, kwa hiyo mkulima anang'oa kila kisicho nyasi. Kadiri anavyopalilia vizuri ndivyo nyuki anavyokosa chakula. Tena nyuki wengi wa porini hawaishi mizingani, huchimba viota ardhini, na wanahitaji vipara vya udongo mtupu hapa na pale. Shamba lililofunikwa kote halimfai kila mdudu.

Uzio nao una neno. Nyasi changa hazioti bila kuzuiwa mifugo, na uzio unaomzuia ng'ombe unamzuia pundamilia vilevile. Pale ardhi ni ya jamii nzima, kipande kilichozungushiwa uzio kinaweza kuwa ndicho wengine walichokuwa wakikitegemea wakati wa kiangazi.

Neno "asili" lenyewe halitoshi kuwa kipimo. Cenchrus ciliaris iko kwao hapa, lakini huko Arizona, Marekani, ilikopelekwa imekuwa balaa, maana inapeleka moto mpaka kwenye madungusi marefu ya saguaro yasiyozoea kuungua. Baringo wana kioja cha upande wa pili: mathenge, mti wa kigeni ulioletwa kuzuia jangwa, ukavamia malisho mpaka Wailchamus, jamii ya huko, wakaishtaki serikali na kupeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno. Mti huohuo nyuki wanaupenda mno. Tukipima kwa asali peke yake, mathenge atashinda.

Kabla ya kununua mbegu, afadhali kutazama Shinyanga, Tanzania. Chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, Wasukuma walifufua ngitili, maeneo ya malisho yanayofungwa kwa msimu. Ardhi ilipopumzishwa, nyasi, miti na maua vilirudi pamoja, sehemu kubwa bila kupandwa. Hilo linawezekana tu pale ambapo mizizi na mbegu bado zimo ardhini. Sehemu za Baringo zimemomonyoka kiasi kwamba kungoja ni kupoteza muda.

Kwa hiyo mimi ningepanda pale udongo ulipokufa tu, kwingine ningefunga na kungoja. Na hapo panapopandwa, kikwata zisikatwe, majani yavunwe kwa zamu baada ya maua kumaliza kuchanua, na ukanda mmoja uachwe bila kupaliliwa. Ukanda huo unampunguzia mwenye shamba mbegu za kuuza. Mradi unaotaka sifa ya kurudisha nyuki umlipe fidia hiyo kwanza, ndipo ugawe mizinga.