Korongo na Bondo la Watu

Sangara yule hakuwa wetu. Tulimuazima kwa mama mmoja muuza samaki wa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, kwa sharti: mkimaliza sayansi yenu nirudishieni kila kitu, na bondo lake la tumboni liwe zima. Mwenzangu anayesomea udaktari akaitikia, "Sawa mama," kwa sauti ya mtu asiyejua bei ya bondo.

Ilikuwa kambi ya sayansi ya likizo ya Juni, sisi wa vyuo tukiwafundisha wadogo zetu wa Kidato cha Pili. Zamu yangu ilikuwa kupasua samaki, chini ya mwembe ufukweni. Nikaonyesha matamvua, moyo, ini. Watoto wanapiga miayo. Nikafika kwenye bondo: "Hiki ni kibofu cha hewa. Ndicho kinachomfanya samaki asizame hata akiacha kupiga mapezi. Swali?"

Mikono ikapanda yote.

"Kaka, lina gramu ngapi?"

"Kaka, wananunua bichi au kavu?"

Binti mmoja wa Igombe, mtoto wa mvuvi, akanipokonya kisu kwa adabu zote ("Samahani kaka, unalitoboa"), akalichomoa zima, akaliosha, akalilaza mezani. Akawaeleza wenzake kwamba Wachina hulipikia supu, na kwamba kwa bei, kilo ya bondo na kilo ya mnofu haziketi meza moja. Somo likageuka mnada.

Sasa pembeni kulikuwa na korongo, lile dege lenye kipara na mfuko shingoni, limesimama tangu asubuhi kama mwalimu mkuu mstaafu anayefuatilia mafao. Mwanza nani anajali korongo? Likasogea, likadonoa mara moja. Bondo tuliliona kabisa likishuka kooni.

Kila mtu akakumbuka anachosomea. Wa udaktari akashauri litapishwe. Wa uhandisi akaomba kamba na beseni. Kijana mmoja wa Dodoma akauliza mbona miguu ya korongo myeupe. Nikamjibu kwamba hujinyea miguuni makusudi, majimaji ya kinyesi yakikauka yanampunguzia joto. Darasa zima likageuka kuitazama miguu ile kwa matumaini.

Jioni mama akafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Bondo langu?"

Binti wa Igombe akanyoosha kidole juu ya bati la bweni. Mama akalitazama dege, akatutazama sisi.

"Kati yenu nani anasomea udaktari?"

Mwenzangu akainua mkono nusu.

"Haya mwanangu, panda ukalipasue."