Nilivyopima Kina cha Bwawa la Majitaka

Ndugu zangu, kwa kuwa dereva wetu amekwisha kuwatangazia kwenye kundi la WhatsApp kwamba jana nilipiga mbizi mbele ya Mkuu wa Wilaya, ni heri niyaseme mwenyewe kwa usahihi: sikupiga mbizi, nilizama hadi kiunoni tu.

Ilikuwa ziara ya Wiki ya Maji, na mimi, afisa uhusiano wa mamlaka, ndiye niliyeihangaikia tangu Januari, maana tulitaka Mheshimiwa ajionee kwa nini tunaomba uzio kuzunguka mabwawa. Nilivaa viatu vipya. (Mke wangu alinionya, hilo tuliache.) Nikashika kipaza sauti, nikaeleza kwamba bwawa la kwanza lina kina cha mita 4, kwamba humo vijidudu visivyohitaji hewa humeng'enya uchafu, na kwamba utando wa juu hukauka, ukashika vumbi na mbegu hata ukaota majani, kiasi cha mgeni kudhani ni nchi kavu. Naomba mkumbuke kuwa maneno hayo niliyasema mimi.

Kisha mpiga picha akatuomba tusogee. Hatua ya kwanza ya kurudi nyuma nikakanyaga ukingo wa zege. Ya pili nikakanyaga majani. Yalibonyea kama godoro, na kwa nukta moja nikaona fahari kwamba hata bustani yetu inatunzwa. Ndipo ule ukoko ulipopasuka, polepole, mapovu yakachomoza kando ya goti, uvuguvugu ukaipanda suruali bila haraka yoyote, na mimi, badala ya kujiokoa, nikakiinua juu kipaza sauti kwa sababu ni mali ya mamlaka na nilikuwa nimekisainia. Kilikuwa bado kimewashwa. Wageni wote, pamoja na wanafunzi wa darasa la tano, wakasikia kwa spika mbili nikimwita marehemu mama yangu mara tatu.

Mheshimiwa akamgeukia mkurugenzi, akauliza kwa upole, "Na huyu ni sehemu ya maelezo?"

Kilichoniponya ni kwamba kuta za bwawa hushuka kwa mteremko, hivyo karibu na ukingo si kirefu. Mhudumu wa mabwawa akanivuta kwa reki ileile ya kuondolea utando. Nikamwagiwa maji ya mpira, nikachomwa sindano ya pepopunda, bodaboda watatu wakakataa kunipakia, na nyumbani nikafunguliwa dirisha, si mlango. Mnaoulizia viatu: kimoja kipo, kingine kinaendelea kumeng'enywa.

Uzio Mheshimiwa ameuafiki palepale, bila hata kusoma andiko langu la kurasa 12.

Leo asubuhi nimewasilisha taarifa ya ziara, nikaandika kwa heshima zote kwamba "wajumbe walioneshwa kina cha bwawa kwa vitendo". Mkurugenzi ameirudisha ikiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu: "Ambatisha picha."