Wanajiolojia waliomkatalia Wegener hawakuwa wajinga

Kuna stori inazunguka sana kwenye magrupu ya wapenda sayansi: Mjerumani Alfred Wegener alisema mabara yanasogea, wasomi wakamcheka, akafa kwenye barafu ya Greenland mwaka 1930, miaka 30 na kitu baadaye ikaonekana alikuwa sahihi. Afu posti inamaliziwa na "ndo maana mimi siwaamini wataalamu". Stori yenyewe sina ugomvi nayo sana, ugomvi wangu ni hiyo sentensi ya mwisho, maana watu wanaibeba na kwenda nayo kwenye chanjo, kwenye dawa ambazo hazijapimwa, kila mahali, eti kama walikosea kwa Wegener basi hata hapa wanakosea. Ila hizo posti hazisemi kitu kimoja cha muhimu: hao wataalamu walikataa nini hasa, na kwa sababu gani?

Wegener apewe haki yake kwanza. Tarehe 6 Januari 1912, akiwa na miaka 31 na kazi yake ikiwa ni mambo ya hali ya hewa, alisimama Frankfurt mbele ya chama kichanga cha wanajiolojia kilichoanzishwa 1910 na kuwaambia kwamba mabara yote yaliwahi kuwa kitu kimoja. Siku nne baadaye akarudia hoja hiyohiyo Marburg, na kitabu kikatoka 1915. Ushahidi alikuwa nao, tena mwingi. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vya Mesosaurus, mtambaazi mdogo wa majini, viko kusini mwa Afrika na Brazil. Mmea wa Glossopteris uko Afrika, India, Australia na Amerika Kusini. Alama za barafu ya kale zinaonekana kwenye miamba ya nchi ambazo leo zina jua kali. Hata mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, kule Lindi, iliyofukuliwa kati ya 1909 na 1913, Mjerumani Janensch alipoichambua mwaka 1914 akampa mmoja wa wale wanyama jina la Brachiosaurus, jina ambalo lilikuwa limeshatolewa 1903 kwa mifupa ya Colorado. Baadaye watafiti wamemtenganisha yule wa Tendaguru, lakini kwa mtu wa wakati ule ilikuwa lazima ujiulize wanyama wakubwa namna hiyo walivukaje bahari.

Jibu lililozoeleka lilikuwa kwamba zamani kulikuwa na nchi kavu zinazounganisha mabara, afu zikazama. Wegener akasema hapana, miamba ya mabara ni myepesi kuliko ile ya chini ya bahari, yaani inaelea juu yake, sasa bara zima litazama vipi lipotee? Hapo aliwabana kwelikweli na sijaona mpinzani wake aliyemjibu vizuri. Mmojawapo alikuwa J. W. Gregory, huyuhuyu aliyetembea Bonde la Ufa mwaka 1893 na ambaye jina lake bado limebandikwa kwenye tawi la Kenya, na ambaye alikuja kuwa rais wa chama cha jiolojia cha London kuanzia 1928 hadi 1930. Alishalikanyaga kwa miguu yake bonde ambalo leo tunalitolea mfano wa bara linaloachana, lakini aliamini nchi kavu za kale zilizama chini ya Atlantiki.

Kwa hiyo mpaka hapa Wegener anaongoza, si ndiyo? Sasa njoo kwenye namba, na naomba usiruke hii sehemu kwa sababu kesi yote iko hapa.

Wegener alijua kwamba ushahidi wa visukuku unaweza kubishaniwa milele, akataka kipimo cha moja kwa moja. Akaichagua Greenland. Kulikuwa na vipimo vya longitudo vya mwaka 1823, vya 1870 na vya 1907, hivi vya mwisho vikitoka kwenye msafara ambao yeye mwenyewe alikuwemo. Ukivilinganisha unaona Greenland imehama mamia ya mita kwenda magharibi. Shida ni kwamba vipimo vya zamani vilitegemea kuangalia mwezi, njia ambayo hitilafu yake ndogo tu inakupa mamia ya mita hayohayo unayoyatafuta. Akasubiri vipimo vipya vya saa za redio, yaani vinavyotumia saa kamili inayorushwa kwa redio, vya 1922 na 1927, na kwenye toleo la nne la kitabu chake, 1929, akaandika kwa furaha kwamba sasa imethibitika: Greenland inakimbia mita 36 kwa mwaka.

Mita 36! Kaa na hiyo namba kidogo. Leo tunapima kwa satelaiti na tunajua pande mbili za Atlantiki ya kaskazini zinaachana kama sentimita 2 hivi kwa mwaka, kwa hiyo alikosea kwa zaidi ya mara 1,000. Kwa spidi yake bara lingetembea kilomita 36,000 ndani ya miaka milioni moja, yaani karibu lizunguke dunia nzima, wakati mwaka 1911 mwanajiolojia Mwingereza Arthur Holmes alikuwa ameshatumia madini yenye urani kuonyesha kuna miamba yenye miaka milioni 370. Na Wegener hakuikimbia hesabu yake, aliifuata mpaka mwisho akasema Greenland na Ulaya ziliachana miaka elfu 50 mpaka laki moja tu iliyopita, yaani juzijuzi wakati wa Enzi ya Barafu. Mwanajiolojia aliyetumia maisha yake kwenye miamba ya Skandinavia anasoma hiyo anafanyaje? Anakubali tu kwa sababu pwani za Brazil na Afrika zinafanana kwenye ramani?

Huku kwetu tumeshaona kitu cha namna hii. Machi 2018 ardhi ilipasuka kule Mai Mahiu, barabara ikakatika, na ndani ya siku mbili tatu dunia nzima ilikuwa inasambaza picha kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Bonde la Ufa kweli linapanuka, milimita chache kwa mwaka. Lakini wanajiolojia waliofika pale wengi walisema mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu laini ya volkano yaliyofunika ufa wa zamani. Wazo la jumla ni kweli na ushahidi ulioletwa siyo, na mtu anayekataa huo ushahidi hajakataa wazo. Wanajiolojia waliomkatalia Wegener walikuwa kwenye nafasi hiyohiyo.

Afu kuna suala la kinachosukuma. Wegener alipendekeza vitu viwili: nguvu ndogo inayotokana na dunia kuzunguka, ambayo ingeyavuta mabara kuelekea ikweta, na mvuto wa mwezi na jua, uleule unaoleta maji kujaa na kupwa, ambao ungeyavuta kwenda magharibi. Mwingereza Harold Jeffreys akachukua kalamu akapiga hesabu. Nguvu ya kwanza ni dhaifu mno, haiwezi kulisukuma bara likapenya kwenye miamba migumu ya chini ya bahari. Ya pili, kama ingekuwa na ukubwa unaotakiwa, ingeisimamisha dunia isizunguke kabisa ndani ya mwaka mmoja. Hiyo hesabu hakuna aliyeipangua, kwa sababu ilikuwa sahihi! Hakuna mwanajiolojia leo anayesema mabara yanasukumwa na nguvu hizo mbili. Wegener mwenyewe alikuwa mkweli, aliandika 1929 kwamba Newton wa nadharia hii bado hajatokea.

Tuje New York, Novemba 1926, kwenye kikao cha chama cha wanajiolojia wa petroli wa Marekani ambacho kwenye posti nyingi kinaelezewa kama mahali Wegener aliponyongwa. Kikao chenyewe kiliandaliwa na mtu aliyekuwa upande wa Wegener, Mholanzi van Waterschoot van der Gracht, bosi kwenye kampuni ya mafuta, na ndiye aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote, na kitabu cha kikao kilipotoka 1928 kilikuwa na maandishi mafupi ya Wegener mwenyewe. Kweli wapinzani walikuwa wakali. Rollin Chamberlin wa Chicago alirudia maneno aliyoyasikia kwenye mkutano wa 1922, kwamba tukimkubali Wegener itabidi tusahau yote tuliyojifunza miaka 70 iliyopita tuanze upya. Sentensi hiyo inanukuliwa sana kuonyesha ukaidi. Lakini Chester Longwell wa Yale alieleza kitu ambacho mimi naona ni haki kabisa: nadharia inayotaka kubomoa vitu vingi hivyo lazima ijaribiwe kwa ukali kuliko kawaida.

Na waliijaribu, hili ndo halisemwi. Mwaka huohuo wa 1926 wanaastronomia na wapima ardhi wa nchi nyingi walishirikiana kupima longitudo dunia nzima kwa saa za redio, William Bowie wa idara ya upimaji ya Marekani akiwa mmoja wa waliolipigania jambo hilo wazi kabisa kama kipimo cha nadharia ya Wegener, na 1933 wakarudia. Hawakuona mwendo wowote. Wasingeuona pia, kwa sababu kwa miaka saba Amerika na Ulaya ziliachana kama sentimita 15 wakati hitilafu ya vifaa ilikuwa ya mita kadhaa. Lakini kama bara lingekuwa linakimbia makumi ya mita kwa mwaka lingekamatwa palepale. Kwa maana hiyo walichokikanusha kilikuwa kweli hakipo. Vilevile Alex du Toit wa Afrika Kusini, aliyeamini kabisa mabara yanasogea, alipotaka kwenda Brazil, Uruguay na Argentina mwaka 1923 kulinganisha miamba na ya kwao, aliyemlipia ni taasisi ya Carnegie ya Washington, na ripoti yake wakaichapisha 1927. Huko kunaitwaje kumziba mtu mdomo?

Upande wa pili una hoja zake na nyingine zinauma. Philip Lake wa Cambridge aliandika kwamba Wegener hatafuti ukweli, anatetea kesi yake tu, na Edward Berry kule New York akaongea kama vile mwenzake amelewa mawazo yake mwenyewe. Hayo siyo majibu ya kisayansi, ni matusi ya watu wenye vyeo. Vyama vyenyewe vilikuwa vya watu wachache wanaofanana, London kilianzishwa 1807 na kikakubali wanawake kuwa wanachama 1919 tu, kwa hiyo mtu wa nje, tena mtu wa hali ya hewa, alikuwa anagonga mlango mzito. Na madhara yalikuwepo, Marekani kwa miaka mingi baada ya pale kijana aliyetaka ajira ya jiolojia alijua hii mada siyo ya kuishika.

Lakini mtu wa 1926 alikuwa na kitu gani mkononi cha kumlazimisha akubali? Kilichobadilisha mambo kilikuja baadaye kabisa: usumaku wa miamba ya kale miaka ya 1950, ramani za sakafu ya bahari, wazo la Harry Hess la 1962 kwamba sakafu mpya inazaliwa katikati ya bahari, na mistari ya usumaku kwenye sakafu hiyo, ambayo Vine na Matthews waliieleza 1963 kuwa ni alama ya sakafu kuzaliwa hivyo. Hakuna hata kimoja ambacho Wegener alikuwa nacho, na ndani ya miaka mitano sita baada ya hapo karibu fani nzima ikageuka. Watu wanaokataa kwa ukaidi hawageuki haraka namna hiyo. Jeffreys alibaki anakataa mpaka anafariki 1989, na yeye kwa hilo simtetei.

Kama kuna sehemu ya kulaumu, mimi naiweka pengine. Desemba 1927 Holmes, ambaye 1911 alikuwa ameshatafuta madini porini Msumbiji mpaka malaria ikamwangusha, alisimama mbele ya chama cha jiolojia cha Glasgow na kueleza kwamba miamba ya chini kabisa, kwa joto la mionzi, inaweza kuzunguka polepole sana kama mikondo, na mikondo hiyo ndo ingebeba mabara. Hilo lilikuwa jibu la hesabu ya Jeffreys. Chama kilimsikiliza na kikaichapisha 1931. Mwaka 1944 akaiweka kwenye sura ya mwisho ya kitabu chake cha kufundishia, kitabu kilichosomwa na wanafunzi wengi mno. Na bado, kwa karibu miaka 25 toka ilipochapishwa, ni wachache sana walioichukua wakaifanyia kazi, na hapo huwezi tena kusema namba zilikuwa mbaya au kwamba mtu wa nje hakujua jiolojia, maana Holmes alikuwa mmoja wao.