Simu mkononi haiondoi haja ya mkutubi

Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilizinduliwa mwaka 2018 ikiwa na nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na rafu za kutosha vitabu 800,000. Hadi leo wapo wanaouliza: ya nini yote hayo, na kila mwanafunzi ana simu?

Swali si la kubezwa. Nakala moja inayogombewa na darasa zima haimfai aliye mwisho wa foleni. Kundi la WhatsApp linampa sura ya kitabu anayoitaka saa sita usiku, bila kutoka bwenini.

Ila lifungue hilo faili. Kurasa zimepigwa picha kwa simu, kidole gumba kimeingia pembeni, ukurasa wa jina haupo, mwaka haupo. Humo imeandikwa kwamba Watanzania ni milioni 44.9. Ni kweli kwa sensa ya 2012. Ya 2022 ilihesabu milioni 61.7. Hakuna aliyedanganya, ila mwanafunzi amewapoteza watu karibu milioni 17 kwa sababu tu karatasi ya kwanza haikupigwa picha.

Mwaka huohuo wa 2018, watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya kweli ilichukua muda mara sita zaidi ya ya uongo kuwafikia watu 1,500. Mara sita! Uongo ukitumia saa mbili, ukweli unatumia saa kumi na mbili, na kufikia hapo kazi ya darasa imeshakabidhiwa. Walipoondoa akaunti zinazojiendesha zenyewe, picha haikubadilika: wasambazaji wakuu ni sisi watu. Tena hizo ni habari ambazo wahakiki walikwisha kuzipima. Maandishi ya masomo yanayozunguka kwenye makundi yetu nani ameyapima?

Kazi hiyo ndiyo ya mkutubi, na ndiyo isiyoonekana. Wengi wanamdhania mlinzi wa vitabu anayenyamazisha watu. Kumbe ndiye anayechagua kipi kinunuliwe, anayeandika katika katalogi mwandishi, mchapishaji, mwaka na toleo, anayejua kwamba toleo jipya limesahihisha jedwali la lile la zamani.

Lawama ya maktaba ni kujificha. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002, unazipa taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida ya kitaaluma bure au kwa bei nafuu, lakini wanafunzi wengi wanamaliza shahada bila kuusikia. Fedha zinazofuata baada ya majengo ziende huko: kuwafikishia wanafunzi majarida hayo hadi mabwenini na nyumbani, na kumweka mkutubi ndani ya makundi ya darasa, awepo faili lisilo na mwaka linapotua.