Si kila jani la mlimani ni dogo

Kuna mwandishi anasema mimea ya milima mirefu huwa na majani madogo magumu ili ihimili baridi. Kwa vichaka vingi ni kweli. Lakini akapande Mlima Kenya, apite mita 4,000, aione seneshio, mmea wa huko juu wenye shina kama mti: jani moja lakaribia urefu wa mkono wangu toka kiwiko hadi vidoleni!

Mie mzaliwa wa Tudor, Mombasa, baridi nilikuwa naijua ya friji tu. Kule mchana jua lakuchoma, usiku kwaganda, na ni hivyo mwaka mzima. Jioni seneshio hukunja majani yake yakafunika chipukizi la katikati, asubuhi yakafunguka. Yaliyokufa nayo hayadondoki, yameuvaa mti kama koti kuukuu, ili maji ndani ya shina yasigande usiku na jua likichomoza majani yapate kinywaji.

Kilichonishangaza zaidi ni lobelia, mmea mwingine wa huko juu, inayokinga maji katikati ya majani yake. Alfajiri nilitia kidole: juu barafu nyembamba kama kioo cha saa, chini maji matupu, na chipukizi liko humo salama.

Na kama mwandishi yuko hapa Mombasa, mlima u mbali. Maji ya bahari yakipwa, aende kwenye mikoko ya Tudor achume jani la mchu, aina ya mkoko, alilambe. Ile chumvi si ya mawimbi peke yake, jani lenyewe huitoa jasho.